Mlipuko wa ugonjwa ukitangazwa, biashara ndogo ianze kuamua nini?

Swali: Wadau, kuna wafanyakazi 6 na mauzo yameanza kushuka. Tufunge au tuendelee?

Jibu: Anza na fedha taslimu. Jumlisha kodi ya pango, mishahara na marejesho ya mkopo kwa wiki, kisha gawa akiba kwa jumla hiyo. Akiba 600,000 kwa matumizi 150,000 ni wiki 4 tu. Madeni ya wateja usiyahesabu kabisa. Kipindi hiki mara nyingi hayalipwi kwa wakati, na hapo ndipo wengi hukwama.

Jibu: Naongezea: andikeni sasa kwamba akiba ikishuka hadi ya wiki 3, mnapunguza saa za kazi. Mwenye nyumba aongeleshwe kabla kodi haijafika.

Jibu: Na mgonjwa abaki nyumbani akilipwa, jamani! Asipolipwa ataficha homa, aambukize wenzake, mfunge bila kupenda.