Niongeze RAM, nitie SSD au ninunue UPS? Mashine ya studio inakwama

MpigaPicha_Wete
Assalaam alaykum. Nina studio ndogo Wete, Pemba, tunarikodi harusi. Nikinakili video kwenye flashi ya mteja, mstari wa kuonyesha kilichonakiliwa unajaa kwa sekunde chache, lakini nikitaka kuitoa naambiwa bado inatumika, na mashine nzima inakuwa nzito. Pesa ninayo ya kitu kimoja tu: RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (diski ya kasi isiyozunguka) au UPS (betri ya kushika mashine umeme ukikatika). Jumamosi napanda boti kwenda Unguja kununua.

Fundi_Mkunazini
Waalaykum salaam. Windows au Linux? RAM ngapi? Diski gani? Video zina ukubwa gani? Hukusema hata kimoja, tukujibu vipi?

Karafuu
SSD tu, hakuna jengine. Yangu inawaka kabla sijakaa kitako.

MpigaPicha_Wete
Samahanini. Ubuntu, yaani Linux, RAM GB 8, diski ya kuzunguka, vipande vya MB 800 hivi.

Fundi_Mkunazini
Basi RAM iache. Linux huiweka data kwenye kumbukumbu kwanza. Hizo huitwa kurasa chafu, maana hazijafika diskini. Zikifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyopo huanza kuziandika taratibu, na zikikaribia 20 huizuia programu inayoandika mpaka zipungue. Mstari wako unahesabu kilichoingia kwenye RAM. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde inahitaji sekunde 80 kwa kipande kimoja. Ukitia GB 16 mipaka nayo inapanda, utasubiri zaidi mwishoni. Kwenye mipangilio ya Linux weka vm.dirty_background_bytes iwe 50000000 na vm.dirty_bytes iwe 200000000, yaani ianze kuandika kwenye MB 50 na izuie kwenye MB 200. Hailipiwi hiyo. Na Karafuu, SSD haiwezi kuipa kasi flashi ya mteja.

Karafuu
Lakini mashine itakuwa nyepesi, na yeye amelalamikia uzito!

Binti_Chwaka
Mie nasema umeme kwanza. Nilihamisha video ya harusi ya mdogo wangu kutoka kwenye kamera ya kuazima. Mstari ulipojaa tu nikafuta kadi, maana mwenyewe alikuwa mlangoni anaisubiri. Hata dakika haikupita, umeme ukakatika. Uliporudi, faili lipo na jina lake, ukubwa sifuri. Fundi alihangaika na ile kadi siku mbili akapata vipande viwili, na kile cha bibi yetu akimpaka bi harusi hina hakikuwemo. Bibi alifariki mwaka huo huo. Mpaka leo sifuti kadi bila kuandika sync, amri ya kuilazimisha data iandikwe diskini, na kusubiri imalize.

Fundi_Mkunazini
Pole sana dada. Kwa kawaida Linux huweza kuiacha data sekunde 30 ndani ya RAM kabla ya kuanza kuiandika. Ndipo ilipopotelea.

Mzee_wa_Sola
Msizungumze umeme bila kukumbuka mwisho wa 2009, Unguja tulikaa karibu miezi mitatu gizani. UPS ni ya dakika chache. Tia sola na betri kubwa.

Karafuu
Mzee, anataka kufunga faili, hataki kuendesha friji! Na Pemba tuna waya wetu wa umeme kutoka Tanga tangu 2010.

Binti_Chwaka
Kwani ni ya mezani au laptopu?

MpigaPicha_Wete
Laptopu. Betri ilikufa zamani, naitumia kwenye waya tu.

Fundi_Mkunazini
Sheikh, hilo ndilo ungeanza nalo! Betri mpya ndiyo UPS yako.

MpigaPicha_Wete
Zile namba nimeshaziweka, mstari sasa unakwenda polepole pamoja na flashi. Betri nzima Darajani nitaijuaje?

Karafuu
Mie bado nasema SSD.