Maonyesho ya usalama barabarani Mombasa: yaokoa watu, au ni hema la kupigia picha?

Mwanzisha mada, Kisauni

Jamaa wa Mombasa, salaam. Leo tubishane juu ya pesa za uhamasishaji.

Kenya yapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu, wakifuatwa na watu wa pikipiki. Tunachofanya kila mara twakijua: msafara wa magari na spika, fulana mpya, mgeni rasmi, hotuba, soda. Jioni barabara ya Malindi iko vile vile.

Pendekezo langu ni kwamba pesa hizo zinunue vitu ambavyo mtu atavijaribu kwa mwili wake. Nchi nyingine wana kiti kilichofungwa juu ya reli yenye mteremko. Unaketi, unafunga mshipi, kiti kinateremka na kugonga kizuizi chini. Mwendo wake hauzidi kilomita 10 hivi kwa saa, lakini mtu akishuka hapo utamwona ameshika kifua. Iko miwani inayovuruga macho kama ya mlevi, halafu unaambiwa utembee juu ya mstari. Liko gari linalopinduliwa polepole, watu wamefungwa mishipi ndani, wafundishwe kutoka wakiwa miguu juu. Viwekwe Mkomani wakati wa maonyesho ya kilimo, viwekwe Mama Ngina siku za Jumapili, vizungushwe mashuleni.

Na nitasema jambo litakalochokoza watu: visiletwe kwa ajili ya madereva. Dereva anajua mshipi ni wa nini. Viletwe kwa ajili ya abiria, maana ndiye asiyejua kilomita 80 kwa saa ni kitu gani, na ndiye anayenyamaza.

Semeni.

Mhandisi wa Tudor

Napinga. Mfuko ni mmoja, na kila shilingi ya hema ni shilingi iliyokosekana kwingine.

Mtoto wa Mshomoroni anatoka shule. Njia ya miguu hakuna. Pembeni pana vibanda vya mitumba, mbele yake tuktuk zimejipanga kungoja abiria, kwa hivyo anatembea juu ya lami kwa sababu hana pengine pa kukanyaga. Hema litamwambia nini asichokijua?

Tutazame majirani. Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto walikuwa wakigongwa sana. Likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na watoto wakafundishwa pia. Utafiti ulilinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zilizokuwa bado, ukakuta majeruhi wamepungua kwa takriban robo. Mafunzo yalikuwepo, sikatai, lakini yalikuwa na tuta la kusimamia.

Na hesabu ya fizikia iko wazi. Kugongwa na gari la kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 30 ni mita tatu na nusu. Tuta lapunguza mwendo mchana na usiku, na halingoji mgeni rasmi.

Dere wa Mtwapa

Mwanzisha mada, umenifurahisha. Kweli, tunajua. Lakini abiria wako huyo anayenyamaza humjui wewe. Asubuhi pale Bamburi ndiye anayenipigia kelele: "Dere, ponda mafuta, feri itatuacha!" Na mwenye gari naye ana hesabu yake jioni, yaani kiasi cha pesa anachotaka apelekewe kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kiti chenu cha reli leteni, lakini aketi mwenye gari kwanza. Mgongeni kidogo, kisha muulizeni kama hesabu yaweza kushuka.

Mzee wa Majengo

Vijana mwasahau haraka. Mwaka 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa siku zile, zilipoanza kazi hakukuwa na hema wala reli. Matatu zilifungwa mishipi na vidhibiti mwendo vya 80, zikapakwa mstari wa manjano, na isiyotimiza haikutoka nyumbani. Watu walitembea kwa miguu siku zile, wakanung'unika, kisha wakazoea. Sheria ndiyo mwalimu.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Nakuuliza kwa heshima: ile mishipi leo iko wapi? Panda matatu yoyote ya Likoni utaikuta imeingia chini ya kiti, au haina kifungio, au ina masizi mpaka mtu aogopa kuharibu shati. Abiria waliifunga kwa sababu askari alikuwa mlangoni. Askari alipoondoka, nayo ikaondoka. Kilichokosekana ni mtu mwenyewe kutaka kuifunga, na hilo faini haiwezi kulipanda ndani ya mtu.

Dere, nawe wanirudisha pale pale nilipotaka. Mwakumbuka stika za Zusha ndani ya matatu? Zilimwambia abiria apaze sauti dereva akiendesha vibaya, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown waligawa stika hizo kwa bahati nasibu, gari hili lipate, lile likose, kisha wakatazama madai ya bima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha magari yenye stika yalikuwa na madai machache kwa kati ya robo na thuluthi. Kwa karatasi! Sasa fikiria abiria ambaye kiti cha reli kimeshamgonga kifua, halafu anaiona stika ile.

Mhandisi wa Tudor

Umesimulia nusu. Madereva na makondakta wa magari hayo waliingizwa katika droo ya zawadi za pesa, na masharti yalikuwa stika zisibanduliwe. Kwa hivyo palikuwa na motisha. Pia Zusha haikuwa maonyesho. Ilikuwa ndani ya gari, wakati ule ule wa hatari, mbele ya macho ya abiria. Hema lako liko Mkomani, na hatari iko Kiembeni wiki tatu baadaye.

Mwanzisha mada

Hiyo ya mahali na wakati nakubaliana nayo. Ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa.

Msomaji wa Nyali

Mkomani watu huenda kula mishikaki na kupanda bembea. Mkiweka gari la kupinduka, litakuwa bembea jingine.

Mwanafunzi wa takwimu

Aliyetangulia ametania, lakini hofu yake ina msingi. Norway waliwahi kuwaweka madereva wapya kwenye kozi ya kuendesha juu ya utelezi, gari linateleza kweli, wao wanajifunza kulirudisha. Walipoipima miaka ya 1980, vijana wa kiume waliopita kozi hiyo walikuwa na ajali nyingi zaidi, si chache. Walitoka wakiamini wanaweza kulimudu gari lolote. Kitu cha kushika kwa mkono chafundisha, lakini lazima uulize chafundisha nini. Ile miwani ya ulevi mimi naitilia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Watu hucheka, hupigana picha, na jamaa mmoja hufaulu kutembea juu ya mstari, basi anaondoka bingwa. Amejifunza kwamba yeye akilewa anaweza.

Nesi, wodi ya majeruhi

Niruhusuni niongee kidogo kuhusu helmeti, kwa sababu naona mnazungumzia mishipi ya matatu peke yake.

WHO lasema helmeti ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Hilo neno "sawasawa" ndilo linalonisumbua. Tunapokea vijana waliokuwa na helmeti. Ilikuwa kwenye kiwiko. Au ilikuwa kichwani lakini mkanda wa kidevuni haukufungwa, ikaruka kabla kichwa hakijafika chini. Au ni ile iliyoanguka mara ngapi sijui, ikaunganishwa kwa selotepu, na ile povu ngumu ya ndani imeshabonyea. Povu hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Inabonyea badala ya fuvu, na ikishabonyea mara moja haina kazi tena, hata kama ganda la nje lang'aa.

Maneno hayo nimeyasema kwa wagonjwa na jamaa zao, wananiitikia kwa adabu tu. Lakini chukua mayai mawili. Moja lifungie ndani ya helmeti nzima, jingine ndani ya ganda lisilo na povu. Yaangushe kutoka juu ya kaunta mbele ya watu wa bodaboda. Hakuna hotuba inayohitajika hapo, na hakuna atakayeondoka akijiona bingwa, kwa sababu bingwa ni yai. Kwa hiyo nawaunga mkono wa maonyesho, lakini si ya kila aina.

Mama wa Bombolulu

Nesi, ahsante mwanangu. Na sisi abiria wa kike je? Sheria yasema abiria wa pikipiki naye avae helmeti na jaketi la kung'aa. Haya, helmeti hiyo imevaliwa na watu wangapi tangu asubuhi? Ina jasho, ina mafuta ya nywele, na mimi nina mtandio wangu. Nikiivaa juu ya mtandio yacheza, nikivua mtandio barabarani haiwezekani.

La pili hamjalitaja. Buibui. Waketi kando nyuma ya bodaboda, upindo waning'inia, gurudumu lavuta. Nimeona kwa macho yangu dada akivutwa chini hivyo karibu na pale mahali paitwapo Lights, na pikipiki haikuwa na mwendo wa maana. Kama mwataka kutuonyesha kitu cha kutugusa, leteni pikipiki iliyosimama juu ya stendi, gurudumu lizungushwe kwa mkono, kisha tupeni kipande cha kitambaa tukione kinavyomezwa. Halafu mtufundishe kukaa na kukusanya nguo. Hilo hata msikitini, upande wa wanawake baada ya darsa, lafanyika.

Dereva wa trela, Jomvu

Mimi nawaunga mkono, na sababu yangu ni moja. Nimeendesha trela za bandarini muda mrefu na ninachokiogopa si polisi, ni pikipiki iliyo kushoto kwangu.

Kwetu usukani uko kulia. Upande wa kushoto, kuanzia mlango wa tanboi (utingo) kwenda nyuma, pana eneo kubwa ambalo saidi mira, yaani vioo vya pembeni, hazilioni. Mbele ya bampa pia, mtoto akipita karibu simwoni kabisa, kabini iko juu. Nikikunja kushoto, kichwa cha gari chaenda upana, lakini magurudumu ya trela hayafuati njia hiyo. Yanakata kona kwa ndani. Sasa bodaboda anaona nimetanua kwenda kulia, anadhani nimempa nafasi, anajipenyeza kushoto. Pale ndipo anapokutana na kontena. Na mimi naweza kuendelea nisijue kitu mpaka watu wapige mayowe.

Nimewaeleza watu wa bodaboda hilo, wananiambia "mzee, we tazama vioo tu." Basi leteni trela moja iliyozimwa, iegeshwe uwanjani. Wapande kabini mmoja mmoja, wakae kwenye kiti changu. Wenzao wasimame na pikipiki zao kushoto, hata kumi. Muulize aliye ndani anaona ngapi. Hiyo haina mashine ya kuagiza ng'ambo wala mgeni rasmi. Na mhandisi, hakuna tuta litakalowaonyesha jambo hilo.

Mhandisi wa Tudor

Hapo nimekuelewa. Hilo ni jambo ambalo mtu hawezi kuliona akiwa pale barabarani alipo, kwa hivyo kulionyesha kuna maana. Mtoto wa Mshomoroni analiona gari vizuri sana, anachokosa ni pa kukimbilia. Basi yanayofichika yaonyesheni, na pesa kubwa ibaki kwenye njia za miguu.

Ustadh wa Kisauni

Nyongeza fupi. Wengi wetu ajali ikitokea twasema "ni kudra" na mazungumzo yafungwa hapo. Mtume (SAW) alimwambia bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Mkija madrasa na hiyo pikipiki ya Mama wa Bombolulu, mlango uko wazi.

Mwalimu wa Changamwe

Mwanzisha mada alisema abiria hajui 80 ni nini. Nina njia isiyo na gharama. Gari likienda 80, kila sekunde lakata mita 22. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka, kisha breki nzuri juu ya lami kavu: ni karibu mita 70 mpaka lisimame. Likienda 50 ni kama nusu ya hapo. Mvua ikinyesha au tairi zikiwa kipara, ongeza.

Twachukua kamba na rangi. Uwanjani, matatu yaegeshwe. Wanafunzi wanaambiwa: gari hili lina mwendo wa 80, nawe umeingia barabarani ghafla, simama unapodhani litasimama. Kila mmoja anachagua mahali pake. Kisha twanyoosha kamba mpaka mwisho. Nawahakikishia wengi watakuwa wamesimama katikati yake. Baadaye twakwenda steji na kamba ile ile, abiria wanaongoja gari wafanye hivyo hivyo, na gari wanalolingoja ni hilo hilo watakalopanda. Hapo hoja ya mhandisi kuhusu mahali na wakati itakuwa imejibiwa kidogo.

Dere wa Mtwapa

Matatu ya kuegeshwa naweza kuleta, Jumapili asubuhi. Lakini trafiki wasikaribishwe. Wakionekana tu, hakuna gari jingine litakalosimama hapo, hata la kununua maji.

Dereva wa trela, Jomvu

Trela nitamwomba tajiri. Ikiwa haina mzigo hatakataa, ila atataka kujua nani analipa mtu wa bodaboda akivunja kioo akiwa kabini. Mwanzisha mada, hilo lipatie jibu kabla hujatangaza siku.

Mama wa Bombolulu

Na mahali pa kujaribia helmeti wekeni pazia, na fundi wa kike. Bila hivyo mtapata wanaume watupu, kisha mseme wanawake hawakutaka kujifunza.