Gumzo la familia: Zuhura anachagua chuo

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Naombeni ushauri. Nimeamua kusomea usaidizi wa kisheria huku huku California. Nina vyuo viwili, na mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie.

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Vinatofautianaje?

Zuhura: Cha kwanza ni cha mtandaoni, kozi ya wiki 14, nasoma usiku nikitoka kazini. Cha pili ni chuo cha umma, karibu miaka miwili, na kina madarasa ya jioni. Moyo unavutwa na cha kwanza kwa sababu ya muda. Tangazo lao hili hapa.

Zuhura: [picha]

Idi: Wiki 14 tu? Chukua hiyo dada! Mengine utayajulia kazini.

Shangazi Rukia: Idi, subiri kwanza. Zuhura, hiyo picha nimeikuza. Angalia chini kabisa, yale maandishi madogo ya kijivu: wanasema kozi haihesabiwi kwenye krediti za chuo. Juu wameandika kwa herufi kubwa kwamba ukimaliza unakuwa msaidizi wa kisheria aliyethibitishwa. Juu wanaahidi, chini wanajitoa.

Zuhura: Sikuyaona kabisa hayo ya chini 😳

Shangazi Rukia: Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili huku, vyeti vya namna hii vinapita mezani kwangu. California ina sheria yake, kifungu cha 6450 cha sheria za biashara na taaluma. Huwezi kujiita paralegali, yaani msaidizi wa kisheria, bila sifa zilizotajwa humo. Kwa njia ya shule, ama umalize programu iliyoidhinishwa na ABA, yaani Chama cha Mawakili wa Marekani, ama uwe na cheti cha chuo chenye ithibati, au chenye kibali cha jimbo, kilichokutaka usome angalau yuniti 24 (ndizo hizo krediti) za masomo ya sheria. Hiyo ya wiki 14 isiyo na krediti hata moja, yuniti 24 itazitoa wapi?

Baba Mdogo Hamisi: Dada, hiyo ni Marekani nzima?

Shangazi Rukia: Hapana, kila jimbo na taratibu zake, na mengi hayadai cheti chochote kisheria. Ila waajiri wanakiangalia. Kwa hiyo swali la kwanza ni atafanya kazi wapi, chuo kinafuata baadaye.

Idi: Na mimi mwenye digrii ya uhasibu, shangazi? Nirudi darasani?

Shangazi Rukia: Si lazima. Mwenye digrii ya fani yoyote anaweza kupita kwa mwaka 1 wa kazi za kisheria chini ya wakili mwenye sifa, na wakili huyo aandike kwamba umeiva. Shida ni kumpata wa kukupokea hujui kitu.

Mama Zuhura: Wifi, hilo la "aliyethibitishwa" ni uongo basi?

Shangazi Rukia: Chuo hakithibitishi mtu, wifi. Hata ABA inaidhinisha programu, haimthibitishi mwanafunzi. Uthibitisho unatoka kwenye vyama vya taaluma. NALA, chama cha wasaidizi wa kisheria cha Marekani, kwa mfano, wanatoa mtihani wao tangu 1976, una sehemu ya maarifa na sehemu ya kuandika. Zuhura atafika huko baadaye akitaka, si sharti la kuanzia kazi.

Mama Zuhura: Nimeelewa. Na akimaliza si atawasaidia wale jamaa wa huko wanaohangaika na karatasi za uhamiaji? Kila siku wananipigia.

Shangazi Rukia: Hapo naomba tuelewane mapema wifi, kwa usalama wa mtoto. Haruhusiwi. Hatoi ushauri wa kisheria, hasimami mahakamani, hapangi ada. Hata kumchagulia mtu fomu na kumweleza maana yake, kama wakili wake hayupo nyuma yake, ni kosa. Faini ya kosa la kwanza inafika dola 2,500 kwa kila mteja. Jamaa wakija awaelekeze kwa wakili, basi.

Baba Mdogo Hamisi: Nilikuwa nafikiria wale wasaidizi wa kisheria wa kwetu Tanzania, wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wao wanakaa na wananchi moja kwa moja.

Shangazi Rukia: Huku bosi wako ni wakili, na kazi yako inapita mikononi mwake.

Idi: Na baadaye akitaka uwakili wenyewe, si ataendelea tu pale alipoishia?

Shangazi Rukia: Haiendi hivyo. Shule ya sheria kwa kawaida inataka digrii ya kwanza, halafu miaka 3. Masomo ya uparalegali hayapunguzi hiyo 3. Zuhura, waulize krediti zao zinahamishika kwenda chuo kikuu kipi, nao wakutajie kwa jina. Digrii za miaka miwili zenye neno "applied" (za vitendo) mara nyingi zinakatwa krediti ukihama.

Shangazi Rukia: Uliza pia fildi, yaani mafunzo ya vitendo ofisini. Nani anatafuta ofisi, wao au wewe? Na darasani mnaandika? Mtu anaweza kukariri mfumo wa mahakama mwaka mzima, siku ya kwanza kazini akaambiwa afupishe mahojiano ya kiapo ya kurasa 200 akabaki ameduwaa. Mimi nikisaili, naomba nione kazi aliyoiandika mwenyewe.

Zuhura: Ahsante sana shangazi. Nawapigia sasa hivi.

Zuhura: Nimerudi. Chuo cha umma hakina idhini ya ABA, ila kina ithibati, na masomo ya sheria yanavuka yuniti 24. Fildi ni muhula wa mwisho, ofisi wanatafuta wao. Wamenitajia na vyuo vikuu viwili vinavyopokea krediti zao.

Idi: Na wale wa wiki 14?

Zuhura: Nimewauliza kuhusu yuniti mara mbili, kila mara wananijibu kuna punguzo mpaka usiku wa leo.

Baba Mdogo Hamisi: Basi jibu umeshalipata.

Shangazi Rukia: Idhini ya ABA ni ya hiari kwa vyuo, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi. Jiandikishe jioni. Nitumie orodha ya masomo ya muhula wa kwanza, kama uandishi wa kisheria umo nitakutafutia nyaraka za mazoezi, zilizofutwa majina.

Mama Zuhura: Wifi, Mungu akuzidishie. Zuhura, ya ada nipigie pembeni.