Tupeane uzoefu: "run" ilishakuaibisha wapi?

Wakuu, naanza na yangu. Wiki ya kwanza kazini, jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, mpishi mkuu akanipazia sauti: "We're running out of milk!" Shuleni run ni kukimbia, out ni nje. Nikachungulia mlangoni kuona nani katoka mbio. Kumbe maziwa yanakaribia kwisha na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda stoo. Wageni walikunywa chai ya rangi asubuhi ile.

Oxford English Dictionary walipokipitia upya kitenzi hiki walifikisha maana 645. Sisi tulipewa moja na kuambiwa tutunge sentensi. Mwageni zenu.

———

Nikiwa Marekani nilimpeleka binti yangu kliniki. Nesi: "Is her nose running?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ana miezi tisa, ndiyo kwanza anatambaa. Makamasi nayo yanachuruzika nayaona.

———

Mimi nilianzia Uingereza, huko mgombea ubunge "anasimama", stand. Nikavuka kwenda Marekani nikakuta "anakimbia", run. Sisi tunagombea, yaani vurugu imo tayari ndani ya neno. Kwa maoni yangu hatujifichi 😂

———

Mnaisema run, na kuendesha je? Nilikuwa namfundisha Mwingereza mmoja Kiswahili. Alikuja akijua kuendesha gari tu. Nikamwongezea kuendesha biashara, kuendesha kikao, kuendesha programu kwenye kompyuta. Siku moja nikamtumia ujumbe: leo hakuna somo, tumbo linaniendesha. Akajibu, "Linakuendesha kwenda wapi?"

Nilipomweleza akacheka, kisha akanionyesha kitu: biashara, kikao, programu, zote hizo kwao ni run. Na tumbo hilo wanaliita the runs! Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana chooni. Gari pekee ndilo linaloharibu hesabu: kwao gari likiwa running maana yake injini inanguruma, hata kama limeegeshwa. Kuliendesha ni drive.

———

Mkuu hapo umenifungua macho. Nami naongeza moja kabla sijalala. Bosi alinigusia ratiba mpya ya zamu, akamalizia, "I'll run it by you tomorrow." Kumbe alimaanisha atanionyesha nitoe maoni, mimi nikasikia atapita mbio. Kesho yake nikasimama koridoni kumsubiri. Alipita kweli, ila anatembea.