Tupeane uzoefu: nyumba uliyoikagua ukaiona nzima, kumbe ina siri

Mpangaji wa Katindo: Wandugu wa Goma, mwisho wa mwezi natoa garanti, ile amana ya kupangia nyumba. Nimepita chumba kwa chumba, mabati, bomba, umeme, sioni kasoro, na komisioneri, dalali wa nyumba, anaapa haina neno. Ila roho haijatulia. Ninyi mlikuta nini mlipokwisha kuingia?

Mama wa Ndosho: Ogopa rangi mpya! Sisi ilituvuta hiyo. Mvua ya kwanza, ukuta ukalowa mstari toka dirishani hadi chini. Ufa wa matetemeko ya Mei 2021, volkano ilipotoka. Waliuziba kwa simenti nyembamba, wakapaka.

Fundi wa Majengo: Kweli mama. Gonga ukuta kwa kidole, sikiliza panapolia tupu.

Baba wa Keshero: Mmenikumbusha, hata chakula nimeacha. Nyumba yetu ilikuwa na depo, yaani stoo, nyuma, ngazi tatu kwenda chini, maana mwenyewe alichimba mawe ya kujengea palepale. Tuliikagua saa sita mchana, mlango wazi, upepo wa ziwa unavuma. Wiki ya pili, asubuhi, kuku wanne wamekufa bila jeraha. Tukasema ni ugonjwa. Halafu mbwa. Mke wangu akasema tunawekewa sumu, tukakosana na jirani asiye na kosa, na hilo linaniuma hadi leo. Usiku mmoja mvua imekatika, upepo hakuna, mdogo wangu akashuka kuchukua makala ya kupikia. Nikasikia kopo linaanguka. Namkuta amekaa ngazi ya mwisho, kichwa kimelala kifuani, taa imezimika. Nikataka kushuka, mlinzi mzee akanikamata shati: “Mtakuwa wawili! Ni mazuku!” Tukamtupia kamba ya mbuzi. Namshukuru Mungu alikuwa bado anasikia, akaizungusha mkononi, tukamvuta. Leo ana watoto wawili.

Yaya wa Himbi: Ee Mungu.

Kijana wa Birere: Pole sana mzee. Dawa ni mshumaa. Shuka nao, ukizimika utoke.

Muuguzi wa Mugunga: Usiue watu! Mazuku ni kaboni dioksidi, inatoka kwenye nyufa za mawe, ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni na mashimoni. Haina harufu. Mshumaa unaweza kuwaka bado na wewe umeshalewa.

Kijana wa Birere: Wazee wetu walitumia moto, wakapona.

Muuguzi wa Mugunga: Waliopona ndio waliokusimulia.

Dada wa Bukavu: Msigombane. Huku kwetu Kadutu ni udongo unaotembea. Tazama milango: uliopigwa randa juu mara mbili, nyumba imeshaanza kuhama.

Mama wa Ndosho: Na fosi, shimo la choo! Tulisifiwa eti haijai. Maji yalikuwa yanapotelea kwenye nyufa za mawe ya volkano, yakatokea kwenye tangi la chini la jirani. Ulizeni yanakwenda wapi.

Fundi wa Majengo: Mimi fosi isiyojaa naipenda, gharama ndogo.

Mama wa Ndosho: Njoo unywe maji ya huyo jirani.

Mpangaji wa Katindo: Baba wa Keshero, hii yangu nayo ina depo nyuma, ngazi mbili. Kesho narudi kabla jua halijatoka.

Baba wa Keshero: Mdogo wangu, usishuke. Simama juu, kisha uwaulize majirani kama kuna aliyewahi kufugia kuku pale.