Je, uendeshaji wa mashine za mbao ni kazi ya kutegemea maishani?

Kijana wa Umoja:
Wakubwa wangu, nimefanya useremala wa mkono katika soko la Gikomba, Nairobi, kwa miaka miwili, na sasa karakana moja ya Eneo la Viwanda imenipa nafasi ya kujifunza msumeno wa meza na mashine za kuranda. Mama yangu anaogopa kwa sababu jirani yetu alipoteza vidole viwili katika kazi hiyo. Je, kuna maendeleo, au nitabaki kusukuma mbao hadi uzeeni?

Fundi wa Kariobangi:
Kijana wangu, kusukuma mbao ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hii. Anayethaminiwa ni yule anayejua kuiandaa mashine: afunge visu vikiwa sawasawa, asome nyuzi za mbao ili randa isizinyofoe, tena atambue kwamba mvule wakati mwingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali. Saipresi mbichi ikitengenezewa mlango wa ndani kabla ya kukauka hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, mlango utapinda na mteja hatarudi. Ukiyajua hayo, maseremala wasio na mashine watakuletea mbao zao uwapasulie na kuwarandia, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanzia kujitegemea.

Mama Randa:
Mama yako ana haki ya kuogopa, nawe usimpuuze. Mwaka 2011 nilikatwa ncha ya kidole cha shahada katika karakana ambayo kinga ya msumeno ilikuwa imeondolewa ili kazi iende upesi. Kabla ya kukubali, tazama kama nyuma ya msumeno kuna kile kibamba cha chuma kinachozuia mbao iliyopasuliwa isiubane na kurushwa kwako kwa nguvu. Usivae glavu karibu na kisu kinachozunguka, kwa kuwa kikiishika glavu huvuta mkono mzima, na kipande chembamba kisukume kwa kijiti. Vumbi nalo si la kudharauliwa, maana vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Uliza pia kama mwajiri amekukatia bima, kwa sababu sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inamlazimu.

Mwalimu wa Ufundi:
Ninaongeza moja tu: fanya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, inayopanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza, kwa kuwa ujuzi usio na cheti humlazimu fundi kuanza upya kila anapohama.

Kijana wa Umoja:
Asanteni sana. Leo nimekwenda kuangalia: kibamba kipo na bima ipo, ila mashine ya kufyonza vumbi imeharibika.

Mama Randa:
Basi waulize itatengenezwa lini, na hadi siku hiyo usiingie bila barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa.