Barakoa kwa watoto wa miaka miwili mitatu deikea, tupeane uzoefu

mama_wa_pekee
Habari zenu wakuu. Deikea anakoshinda mwanangu wametuma ujumbe kwenye grupu la wazazi kwamba kwa vile mafua na kikohozi vinazunguka, kuanzia wiki ijayo watoto wote waliofikisha miaka miwili waje wamevaa barakoa na nyingine ya akiba kwenye begi. Wangu ana miaka miwili na nusu, hata kofia ukimvisha anaitupa kabla hatujafika mlangoni, sasa hiyo barakoa sijui. Sitaki kugombana na walimu wake, ni watu wazuri na mtoto anawapenda, ila mliopitia hili kipindi cha korona au hata juzi juzi, ilikuwaje? Mtoto alivaa kweli? Naomba yaliyowakuta nyie wenyewe, ya kusikia nimeshayasikia.

Baba Mapacha
Pole sana haha. Wa kwangu walikuwa wana miaka mitatu kipindi kile. Asubuhi wanavaa vizuri mpaka unajisifu, jioni unawafuata kila mmoja ana barakoa ya mwenzie. Kuna siku mmoja katoka na barakoa ya paka na sisi nyumbani hatuna barakoa ya paka, imelowa mate unaikamua, na mwenye paka wake ndo alikuwa anakohoa wiki nzima. Nikamuuliza mwalimu akanambia wanapokezana, mmoja anafutia kamasi, mwingine anatafuna kamba, wakichoka wanaziokota chini yoyote ile wanavaa. Sasa hapo tunamkinga nani na nini?

dada_wa_watoto
Mimi nimefanya kazi deikea na watoto wa mwaka mmoja mpaka minne, agizo kama hilo tulipewa tukalifuata kwa moyo mmoja. Ukweli ni kwamba siku nzima unashinda unarudisha barakoa puani. Umemgusa huyu usoni, unageuka kumrekebisha yule, mikono hujanawa, na ukisema unawe kila ukimgusa mtoto hutoki kwenye sinki. Na bado wanavua kula, wanavua kunywa maji, wanavua kulala maana mtoto halali na barakoa hata iweje, na pale kwenye kulala ndo magodoro yamebanana kuliko saa zote. Muda aliovaa sawasawa, yaani pua na mdomo vimefunikwa, ni mchache mno ukiuhesabu.

Ila msije mkasema haiwezekani kabisa. Wale wa miaka mitatu kwenda juu walikuwepo waliovaa bila kusumbua, hasa wenye kaka na dada wanaovaa nyumbani. Wa miwili ndo vita.

Na kingine ambacho wazazi hawakioni, sisi walimu tulipovaa wale wadogo wanaojifunza kuongea walikuwa wananitazama machoni tu, wananitolea macho hawajui nacheka au nimenuna. Kuna mmoja alikuwa ananivuta barakoa chini kwa kidole halafu ndo ananijibu.

nesi mstaafu
Niweke na ya kitaalam kidogo. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo, watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe barakoa. Miaka 6 mpaka 11 inategemea maambukizi yalivyo eneo hilo, kama mtoto anaweza kuvaa na kuvua mwenyewe, na kama kuna mkubwa wa kumsimamia. Kuanzia 12 wanafuata ya wakubwa. Marekani wao, CDC (taasisi yao ya kudhibiti magonjwa) walisema kuanzia miaka 2, na huko ndiko nadhani deikea yako walikochukua hiyo miaka miwili. New York ilifika mahali wanafunzi wa shule wameshavua tangu Machi 2022 halafu wa miaka 2 mpaka 4 wakaendelea kuvaa deikea mpaka Juni, kwa hoja kwamba wadogo hao chanjo yao ilikuwa haijatoka. Wazazi walilalamika sana.

CDC hao hao walisema wa chini ya miaka 2 asivishwe kabisa, akikosa hewa hana uwezo wa kuivua wala kusema. Kwa hiyo hakikisha hawachanganyi vyumba, maana kwenye deikea nyingi wa mwaka na nusu anashinda na wa miwili.

mama shujaa
Naona wote mnaelekea upande mmoja, ngoja niwape wa kwangu. Mwanangu alikuwa kwenye matibabu ya kansa, kinga yake iko chini, daktari ndo alisema avae barakoa akiwa kwenye watu na akaonyesha ipi. Alikuwa hajafika minne. Alivaa. Tulianza nyumbani, mdoli kwanza kavishwa, halafu mimi, halafu yeye dakika chache akiangalia katuni, sikumlazimisha hata siku moja. Kwahiyo mkisema watoto hawawezi mi nawashangaa. Ila nilichokuwa nawaomba wenzangu sio wawavishe watoto wao, nilikuwa naomba asiletwe mtoto mwenye homa. Basi. Na hilo ndo lililonishinda kuliko barakoa.

Baba Mapacha
@mama shujaa pole mama na hongera, mwenye sababu ya daktari ni kitu kingine kabisa. Na hapo kwenye homa umegusa penyewe. Mtu anampa mtoto dawa ya homa asubuhi, anamkabidhi getini anachekacheka, saa sita dawa imeisha nguvu mtoto anawaka moto, mwalimu anapiga simu haipokelewi. Sijalaumu sana, bosi haelewi mtoto kuumwa, lakini tusijifanye kitambaa kitafanya kazi ambayo sisi wazazi tumeikwepa.

mama_wa_pekee
Asanteni jamani. Nimemwandikia mkuu wa deikea inbox, nimemuuliza kama wa miaka miwili anaweza kuachwa asilazimishwe na walimu ndo wavae. Kajibu tuongee Jumatatu. @dada_wa_watoto niambie, mbali na barakoa nyie mliona nini kinapunguza kweli, niende na kitu mkononi nisiende kulalamika tu?

dada_wa_watoto
Madirisha. Waulize kile chumba cha kulala kinafunguliwa au kimefungwa na mapazia juu. Sisi tulipoanza kulaza kichwa huku mwingine miguu huku, dirisha wazi, na kushinda nje kadiri hali ya hewa inavyoruhusu, tukapata nafuu. Kunawa wakifika, kabla ya kula na wakitoka chooni. Vitoi vya kuweka mdomoni vinaoshwa kila jioni, uliza nani anaosha maana ukiambiwa "tunaosha" jua hakuna mwenye zamu. Halafu waombe waandike kabisa homa nyuzi ngapi mtoto harudi, na akae nyumbani mpaka homa iishe siku nzima bila dawa. Hilo la mwisho litapigiwa kelele na wazazi wenzio kuliko hata barakoa, jiandae.